Mara Saba

Vijana wa ufukweni walimwita Mama Godoro kwa sababu ya ubao wake wa sponji, mpana na mnene, wa watu wanaoanza kujifunza kuteleza juu ya mawimbi. Hakuchukia. Ukiwa na mapacha wa miaka minne, mume fundi wa lifti anayeitwa kazini hata siku ya mapumziko, na kazi ya kusaga lenzi za miwani hadi macho yako mwenyewe yaanze kuona ukungu, huna nafasi ya kuhangaika na ubao mgumu wa kukung'oa meno. Alichotaka ni saa moja kwa wiki na mawimbi ya kufika magotini. Wimbi linamsukuma, anasimama miguu ikitetemeka kama ndama aliyezaliwa leo, moja, mbili, tatu, chubwi! Alirudi nyumbani na chumvi kwenye nyusi, mtu mwingine kabisa.

Ubao waliununua wawili, yeye na dada yake mkubwa, msusi. Mmoja akiingia majini, mwingine alibaki mchangani na watoto. Dada mtu alikuwa bonge la mwanamke na mdomo wake haukuwa na breki. Akianguka, vijana wote waligeuka kutazama. "Mnashangaa nini?" aliwauliza akiibuka. "Nilikuwa naangalia kama chini kumefagiliwa."

Kisha moyo wake ukaanza kumsumbua. Akaacha saluni, akaacha bahari, akawa mtu wa kitandani, akitunzwa na binti yake wa pekee wa miaka kumi na moja. Baba wa mtoto alishakwenda zake zamani. Mama Godoro alipita pale kila siku akitoka kazini. Ijumaa moja dada akamtimua.

"Kesho nenda ukateleze, bwana. Unanikodolea macho kama mtu anayesubiri maziwa yachemke."

Akaenda. Alipotoka majini alikuta simu yake mkobani, chini ya taulo. Amepigiwa mara saba, namba ya dada. Alipopiga, aliyepokea ni seremala wa mlango wa pili.

"Njoo tu, mama," alisema seremala, na sauti yake ikamaliza habari yote.

Baada ya mazishi mtoto alihamia kwao, ubao ukasukumwa nyuma ya kabati. Mume alijaribu mara mbili kumrudisha baharini, akaambiwa aachane na habari hizo. Kilichomtafuna Mama Godoro ni zile simu saba. Dada alitaka kusema nini? Kuaga? Kumkabidhi mtoto? Au alitaka tu kusikia sauti ya mtu? Aliwaza hivyo mbele ya mashine hata siku moja akasaga lenzi ya jicho la kulia ikawa ya kushoto, na bosi akamwambia aende nyumbani akapumzike.

Mwezi wa tano baada ya mazishi, mapacha waliuvuta ubao ule sebuleni, wakauegemeza kwenye kochi na kuanza kuteleza. Mama Godoro aliwafokea mpaka mmoja akakimbilia chini ya meza. Binti wa marehemu alikuwa akifuta sahani. Akasimama nalo taulo mkononi.

"Mama mdogo, mbona siku hizi huendi baharini?"

Angeweza kusema kazi nyingi. Akachoka kudanganya.

"Siku ile nilikuwa majini. Mama yako alinipigia mara saba, sikupokea. Sitajua kamwe alitaka kuniambia nini."

Mtoto aliweka sahani juu ya nyenzake, taratibu, isilie.

"Hakupiga yeye. Nilipiga mimi."

"Wewe si ulikuwa nje, kwenye ngazi? Seremala alisema..."

"Nilitoka baadaye. Kwanza nilikuwa nimemshika mkono. Mkono wangu huu mwingine ndio nilikuwa nakupigia." Akakunja lile taulo. "Mara mbili za kwanza alikuwa bado anapumua."

Mama Godoro akakaa chini, pale pale sakafuni. Miezi yote ile alimlilia mtu ambaye hakumwita, na aliyemwita alikuwa analala chumba cha pili.

"Nisamehe, mwanangu."

"Sijui," alisema mtoto, bila hasira. Kisha, "Ulikuwa unaisikia ukaiacha?"

"Sikuisikia."

Mtoto akarudi kwenye sahani zake. Ila Jumamosi asubuhi alikuwa wa kwanza kuvaa viatu. "Twende. Uchukue na ubao."

Mume akabaki na mapacha. Ufukweni mtoto alimwuliza mkoba ulikuwa wapi siku ile, akauweka hapo hapo, simu ndani, taulo juu. "Ingia mpaka ulipokuwa," aliamuru. Mkononi alikuwa na simu ya mama yake.

Mama Godoro akaingia. Maji yalimfika kiunoni, mawimbi madogo yakipasuka kwa kelele zao zile zile. Alimwona mtoto akiinamisha kichwa, akibonyeza. Alitega masikio kwa nguvu zake zote. Hakuna. Akabonyeza tena. Hakuna. Wimbi likambeba yeye amelala kifudifudi juu ya ubao, na kwa kitambo kidogo mwili wake ulifurahi, akauonea aibu.

"Umesikia?" mtoto alipaza sauti Mama Godoro alipofika kina kifupi.

"Hapana."

"Hata moja?"

"Haki ya Mungu, hata moja."

"Nimepiga saba," mtoto alisema, na uso wake ukavunjika. Tangu mazishi hakuwa amedondosha chozi mbele ya mtu. Sasa alilia kwa kwikwi, mdomo wazi kama mtoto mchanga, na Mama Godoro akamkumbatia akiwa amelowa hivyo hivyo. Mtoto alimpiga ngumi mbili begani. Kisha akamshika shati, hakuliachia.

Wakakaa mchangani. Maji yalikupwa, mawimbi yakaisha, vijana wakabeba mbao zao wakaenda.

"Niliogopa sana," mtoto alisema mwishowe.

"Niambie," alisema Mama Godoro. Na mtoto akaanza kumsimulia asubuhi ile, tangu walipoamka.