Tonton Tharcisse pa daraja ya Tromsø

...na pyjama, yaya Viviane, dada yangu! Na pyjama ya bleu ya hopitali, bila viatu, pa daraja ya Tromsø, na mupepo ile inakata masikio! Usinikatishe, WhatsApp yenyewe itanikatisha. Ni Tonton Tharcisse nakuambia, na macho yangu haya mbili!

Najua, najua. Tonton Tharcisse iko ku hopitali huku Laeken, hapa Bruxelles, analala tangu siku kumi na moja, tangu damu ilimupanda mu kichwa, hajafungua ata jicho moja. Njo sababu nakupigia. Sikia.

Mardi, njo jumanne, nilikuwa Tromsø na ba-étudiants benzangu ba géographie, kule juu ya Norvège, karibu na pa kuishia ramani. Miye nilizania mwanzo ya septembre kule ni barafu tu. Hapana! Kuko miti, majani imeanza kugeuka njano, na teluji kidogo ku kichwa ya mulima, sawa unga ya bukari yenye imemwangika. Nilipiga photo ata ya mawe. Jolien, ule rafiki yangu Muflamand, akachoka: "Antoinette, ni muti. Ata Bruxelles kuko miti." Ndiyo, lakini ya Bruxelles haikuangalie.

Ku saa munane ya muchana tukapanda daraja, ile murefu inapita juu ya bahari. Ukungu ikatoka chini mu maji, ikafunika magari, ikafunika ata makelele yao. Jolien alikuwa mbele. Basi nikasikia nyuma ya bega: "Mama."

Unajua ni nani ananiitaka mama. Miye njo nabeba jina ya nkambo Antoinette, nyanya yetu, mama ya Tonton mwenyewe. Niko na miaka makumi mbili na moja, lakini kwa Tonton niko mama yake ya kweli, na yeye mutoto wangu ya miaka makumi sita. Ata akienda tu Molenbeek kununua samaki, anasimama pa mulango, anacheka: "Mama, naenda. Unaniachilia?" Na miye naitika: "Enda, mwana." Mchezo yetu ya siku zote, si ni vile?

Bon. Nikageuka. Amesimama na pyjama yake, hatetemeke ata kidogo. Haniangalie miye, anaangalia ngambo.

"Mama, naenda ngambo ile. Unaniachilia?"

Yaya, hii kinywa yangu! Imezoea. Ikaitika yenyewe: "Enda, mwana."

Akaenda. Miguu yake haikufanya sauti. Na pale njo akili ilinirudilia: nimemutuma wapi?

Jolien akarudi. "Ule muzee ni nani? Juu ya nini hana viatu?"

"Unamuona?!"

"Nisimuone namna gani? Amesimama pale katikati. Anangojea kitu."

Tukakimbia. Pa katikati hakuna muntu. Kuko alama ya miguu tu, ya maji, inafika pale, vidole inaangalia ngambo. Na inaishia pale.

Siku zenye zilibakia sikulala. Leo ndege imetushusha, nikakuja moja kwa moja na valise mpaka huku ku hopitali. Maman Sidonie, muke yake, alikuwa anamupakaa mafuta ku miguu.

"Tangu mardi hii miguu ni barafu," asema. "Docteur asema damu haizunguke muzuri. Miye nasema huyu muntu iko nje."

Nikamuelezea yote. Nilingojea kofi. Akafunika ile miguu, akaniangalia.

"Weye ni mama ya namna gani? Unatuma mutoto safari, huulize ata anaenda wapi?"

"Maman, ilikuwa mchezo..."

"Kwako. Basi umuite. Mwenye kutuma njo mwenye kuita. Miye ni muke tu. Nimemuita siku kumi na moja, na 'chéri', na 'Tharcisse', na matusi pia. Hanisikie."

"Nimuite namna gani, sasa?"

"Na jina yake ya tumbo, ile mama yake alimuitaka kabla ya batizo. Miye hakunifunuliaka. Miaka makumi tatu ya ndoa, alinifichaka, ule mujanja!"

Njo vile, yaya. Weye ulikulia mu nyumba ya nkambo kule Likasi, mu Congo. Wakati Tonton alikuwa anakuya kumusalimia, na nkambo anamukasirikia, alimuitaka nani? Fikiri muzuri! Akivuka ile daraja kwa sababu ya kinywa yangu, miye nitaishi namna gani? Nitaangalia Maman Sidonie na macho gani?

...Kazadi? Kazadi, ile tu? Ni kweli, hauchanganye? Asante, yaya, asante...

Ngoja. Maman Sidonie anatoka mu chumba. Uso yake, Mungu wangu.

"Antoinette! Miguu inatembea!"

Inatembea chini ya blanketi, yaya, naiona toka huku mu couloir, inje ya chumba. Polepole. Moja, ingine, moja, ingine, sawa muntu anajaribu kama mbao itamubeba. Anatembea, lakini upande gani? Anarudi ao anavuka? Ata Maman Sidonie hajue!

Acha nikate simu. Niende nimuite mutoto wangu. Kesho asubui, kabla uende ku misa, nakupigia, nakuambia alifika upande gani.