Gitaa Lililowekwa Uchagani

Mwaka wa sitini, Lewa alikwenda Magogoni Jumamosi tatu mfululizo kuchagua gitaa, na kila mara Bakari muuzaji alimsukumia lile jekundu lenye nakshi. Lewa hakulitaka. Aliyagonga yote mgongoni kwa vidole, sikio karibu, kama anayechagua nazi sokoni, mpaka Bakari akachoka.

"Wallahi, ndugu yangu, hayo hayana maji ndani."

Mwishowe Lewa akachukua la kahawia lililokwaruzika, kwa kuwa ndilo lililoitika vizuri.

Alilipenda kupita kiasi, na hapo ndipo alipokosea. Nyumba yake ya Changamwe ilikuwa na bungua, wadudu waliokwisha kutoboa mlango na kiti. Kwao Kaloleni, kitu cha thamani huwekwa uchagani, kwenye dari ya fito juu ya meko, ambako mahindi ya mbegu hupigwa moshi mwaka mzima na mdudu hayasogelei. Mamake alikuwa amemjengea uchaga kama huo jikoni. Basi masika yalipoanza, gitaa likapanda juu, kando ya mahindi.

Mwezi ulipokwisha alilishusha, akakaza nyuzi, na mgongo ukabanduka wote ukamwangukia miguuni. Joto la meko lilikuwa limeyeyusha gundi.

Bakari alivipokea vipande viwili, akavinusa.

"Mmelipika?"

"Tumelihifadhi," Lewa akajibu, kwa hasira ya mtu aliyefuata kila alichofunzwa. "Litazame mwenyewe. Bungua hajaligusa hata mmoja."