Nani Afungue Kinu

Asubuhi ile, kabla hawajatoka, Golrokh alimvuta baba yake hadi kwenye stoo ya viatu akamwambia jambo moja tu: pale kwenye mteremko wa Kinu, utangulie wewe. Alimjua mchumba wake. Kamyar ni mtu wa kumpisha hata paka mlangoni, na baba yake, Khodadad, naye kwa ukarimu alikuwa hana mfano kijijini Shemshak kote. Wakianza kupishana wawili hao, watasimama kule juu mpaka theluji iyeyuke.

Khodadad alicheka, akamwambia asimfundishe kazi. Miaka thelathini na moja alikuwa akiongoza watu milimani, na kanuni ile ndiyo aliyomlea nayo bintiye tangu hajang'oa jino: kiongozi anashuka kwanza, anaionja theluji, ndipo wengine wafuate mmoja mmoja.

"Ahadi?" Golrokh aliuliza.

"Ahadi," akajibu, akachukua koleo lake.

Ilikuwa siku ya mwisho ya mwezi wa Azar, na jioni yake ni Yalda, usiku mrefu kuliko yote ya mwaka, ambao jamaa huukesha pamoja wakila matunda. Kamyar alikuwa amefika kutoka Tehran jana yake na zawadi zote za mchumba: kapu la makomamanga, tikiti maji lililofungwa utepe, shali ya Golrokh, na sinia la pistachio kwa mama mkwe. Effat, mke wa Khodadad, alilainika palepale. Khodadad bado. Kijana alikuwa daktari wa meno, na kwa maoni ya Khodadad, mtu ambaye mzigo wake mzito kuliko wote ni gego hawezi kupewa binti bila kupandishwa mlima kwanza. Kuteleza kwenye theluji alijua, hilo halikuwa na ubishi, ila alikuwa amejifunzia kwenye njia zilizolainishwa kwa mashine, ambako watu hupandishwa juu wakiwa wamekaa kitako.

Mlangoni walipimana vile vifaa vya kifuani vinavyotuma ishara ili aliyefukiwa apatikane. Vyote vilifanya kazi. Wakabandika ngozi chini ya skii zao, zile mbao ndefu za kutelezea, ili zisirudi nyuma, wakaanza kupanda. Saa mbili na nusu walipanda, na Khodadad alingoja kwa hamu kusikia malalamiko. Hakusikia hata moja. Kijana alitokwa jasho, akamenya chungwa, akampa mzee nusu iliyo kubwa, na maswali aliyouliza yalikuwa ya maana. Jambo hilo lilimuudhi Khodadad kidogo.

Karibu na mgongo wa mlima theluji iliguna chini yao. Ilitoa sauti nzito ya kutua, ikazama kama upana wa kidole. Kamyar alisimama akauliza ni nini. Khodadad akamwambia theluji inakaa vizuri tu. Hakusema uongo, lakini hakusema yote. Ile ya mwezi uliopita ilikuwa imelala chini ya anga tupu kwa wiki nne za baridi kali, ikaoza ikawa chembechembe kama sukari isiyoshikana. Juu yake, siku tatu zilizopita, ilikuwa imeanguka theluji mpya ya kufika magotini, isiyo na cha kushikia. Khodadad alilijua hilo vizuri kuliko alivyojua idadi ya meno yake. Mpango wake ulikuwa ule wa siku zote: atapita peke yake ukingoni, kando ya mawe, aukanyage mteremko kwa hila, na kama una nia mbaya ataijua mapema.

Walipofika juu, Kinu kilikuwa kimelala mbele yao, unga mtupu, bila hata alama ya sungura. Kwetu, kuufungua mteremko huo mwanzoni mwa majira ya baridi ni kama kupewa ukoko wote wa wali, na watu huulizana habari hiyo mpaka Nowruz, mwaka mpya wa machipuko. Kamyar alirudi nyuma hatua moja, akanyoosha mkono.

"Tangulia, mzee wangu."

"Thubutu. Wewe ndiye mgeni."

"Mgeni ni kule nyumbani. Huku niko nyuma yako tu."

Khodadad akakataa. Kamyar akakataa kukataliwa. Kila mtu wa kwetu anajua mchezo huu unavyokwisha: anayestahili kutangulia hukataa mara mbili, kisha hukubali huku akinung'unika kana kwamba amesukumwa. Zamu ya kunung'unika ilikuwa ya Khodadad. Lakini akaiona meza ya Yalda jioni ile, na mashemeji zake wawili wakimuuliza huku wakipasua pistachio: nani kafungua Kinu? Naye ajibu kwamba ameula ukoko yeye, mkwe akaambulia masizi? Uso ulimwaka kwa aibu ya jambo ambalo halijatokea, na mdomo ukawahi kuliko akili.

"Naapa kwa kaburi la baba yangu, utashuka wewe."

Kiapo kikishatajwa kaburi hakirudishwi. Kamyar aliinamisha kichwa, akaweka mkono kifuani kushukuru, akashuka.

Alishuka vizuri, tena vizuri sana. Kona ya kwanza, ya pili, unga ukimpanda hadi kifuani, na Khodadad akajikuta anatabasamu. Kwenye kona ya tatu mteremko ukapasuka. Ufa ulikimbia kutoka kwenye mawe ya kushoto hadi ya kulia, na Kinu chote kikaondoka na kijana, kwa mngurumo ambao Khodadad alikuwa ameusikia mara nne maishani mwake na hakuwahi kuusahau. Aliona glavu moja nyekundu. Kisha hakuona kitu.

Aliukazia macho mahali pale glavu ilipopotelea, kwa sababu ndivyo inavyofanywa, akashuka juu ya sakafu ngumu iliyobaki. Mikono ilifanya kazi yake. Moyo ulikuwa kwingine, kwenye stoo ya viatu, mbele ya msichana aliyesema ahadi. Akabadili kifaa chake kiwe cha kutafuta, akakimbia huku na huku juu ya mabonge. Kimya. Akashuka zaidi. Kimya. Halafu kikalia, na namba ikajitokeza: mita thelathini na nne.

Alizifuata namba zikipungua, akipiga magoti, akiinuka, akimwomba Mungu kwa sauti kama mtu anayegombana na karani. Kwenye mita moja na nusu namba zikagoma kushuka. Akakunjua fimbo ndefu ya kupimia kina, akachoma. Theluji. Akachoma tena pembeni. Theluji. Mara ya tano fimbo ikagota kwenye kitu laini ambacho si jiwe wala udongo.

Akachimba. Alikuwa na miaka hamsini na tisa na goti lililofanyiwa upasuaji, na alichimba akilia waziwazi bila kujali. Likatokea bega, kisha kofia, kisha uso wa bluu wenye theluji mdomoni. Akaitoa kwa vidole, akampiga kofi, akamwita jina lake, na kwa mara ya kwanza hakumwita daktari.

"Kamyar! Kamyar, mwanangu, vuta pumzi."

Kijana alikohoa. Akavuta hewa ndefu yenye mkwaruzo, akafungua jicho moja, akamtazama mzee aliyekuwa akimdondoshea machozi na kamasi.

"Nilikwambia utangulie wewe," akasema.

Khodadad aliketi kwenye theluji akacheka mpaka mbavu zikauma. Kisha akamkumbatia kichwa, kwa kuwa mwili mwingine ulikuwa bado umefukiwa, akakaa hivyo akisikiliza zile pumzi, kila moja tamu kuliko iliyotangulia. Alipomaliza kumchimbua, walimkagua pamoja: kifundo cha mguu kimevimba, skii moja imevunjika, glavu moja haipo. Basi. Hakuna kilichobaki mle kinachostahili kurudiwa.

Walishuka taratibu kwa kupitia bondeni, Kamyar akiegemea bega la mzee. Njiani kijana, kwa adabu yake ileile, akatoa wazo. Watasema alijikwaa kwenye jiwe. Mwanzoni mwa majira mawe ni mengi, nani atashangaa? Hakuna haja ya kumharibia Golrokh Yalda, wala ya watu kumsema mzee. Wazo lilikuwa tamu, na Khodadad alitembea nalo mpaka mapaa ya Shemshak yakaonekana na harufu ya supu ya tambi za Effat ikawafikia barabarani.

Jua lilikuwa bado halijazama. Mlangoni Kamyar alisimama kwa mguu mmoja, akarudi nyuma nusu hatua, akanyoosha mkono usio na glavu.

"Tangulia, mzee."

Mdomo wa Khodadad ulikwisha funguka kusema mgeni kwanza. Akaufunga. Akaingia.

Golrokh alikuwa anachambua komamanga, vidole vyekundu. Alimtazama baba yake, akatazama theluji iliyomganda hadi kwenye nyusi, akainuka polepole.

"Nani alitangulia?"

"Yeye," Khodadad akasema. "Nilimwapia kaburi. Kinu kikamfukia, nikamchimbua. Mzima. Kosa ni langu, wala usimsikilize atakachokwambia kuhusu jiwe."

Golrokh alimpiga baba yake kifuani kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu, akamwachia alama nyekundu kwenye koti. Kisha akamshika lile koti kwa mikono miwili akalilia, naye Khodadad akasimama wima akapokea vyote viwili, kofi na machozi, kwa shukrani ambayo hakuwa na pa kuiweka.

Baada ya muda msichana akajifuta uso, akachungulia nje juu ya bega la baba yake. Kamyar alikuwa bado amesimama kwenye baridi, mguu mmoja juu, akingoja akaribishwe.

"Na wewe ingia," Golrokh akamwambia. "Humu ndani huna wa kumpisha."