Mti wa Tuhei Nyuma ya Jiko

Mume wangu Kohu akishika patasi husahau njaa, husahau mke, husahau hata bomba la kijiji linalovuja, ambalo ndilo kazi yake. Kuchonga si kazi yake. Ni ugonjwa wake tu. Hapa kisiwani Ua Huka wachongaji wa kweli wana mabanda yao, na vitu vyao husafiri mbali kwa meli. Kohu huchongea kwenye ngazi ya jiko langu, na maranda yake huniingilia kwenye shelisheli ninazoponda.

Kuti likidondoka tu, keshaliwahi. Hulikata kule chini kwenye upana, panapokumbatia mnazi, akalitoa tiki, sanamu ya kwetu: macho makubwa, mdomo mpana, magoti yamekunjwa, mikono imeshika tumbo kama mtu aliyeshiba harusini. Nywele huwa za kumbi, nguo huwa ya kilifu. Wamejaa nyumba nzima. Nikienda kuoga natazamwa. Nilikuwa nikimtania kwamba niliolewa na mtu mmoja, nikajikuta na mawifi ukuta mzima, tena wote wamenuna.

Lakini makuti ni mepesi, huoza upesi, na mchongaji hata wa kujifurahisha hutamani mti mgumu. Kohu alitamani miro. Na miro nzuri kuliko zote bondeni ilikuwa nyuma ya jiko langu, nayo haikuwa yake.

Kwetu mtoto akizaliwa, kondo la nyuma huzikwa kwenye ardhi ya nyumbani na mti hupandwa juu yake. Mti huo ni wake. Atangetange atakavyo, anajua pa kurudi. Mama mkwe alipandia wanawe wawili miro mbili. Ya Kohu iko kando ya njia, imepinda, maana mbuzi waliitafuna ikiwa changa. Ya mdogo wake, Tuhei, ilisimama nyuma ya jiko, imenyooka na kunenepa, na kivulini mwake ndimo nilimopikia tangu niingie nyumba hii. Tuhei mwenyewe alikwenda Papeete kijana, akapata kazi bandarini, akaoa huko, akazaa huko. Mara nyingi nilimwona Kohu anaupapasa mti ule anapopita, na nilijua hampapasi mdogo wake.

Mama mkwe alipofariki, Tuhei hakuja. Ndege ilikuwa imejaa, meli ilikuwa imekwisha kuondoka, na bandarini walimnyima ruhusa. Hayo aliyasema na mimi niliyaamini. Kohu hakuyaamini. Alichimba kaburi na binamu zake, akarudi na udongo mikononi, akampigia ndugu yake simu akaiweka mezani, sote tukasikia. Alimwambia mama amemwita mpaka pumzi ya mwisho. Alimwambia aendelee kupakua makontena yake. Akamwambia hata mti wake pale nje unamwonea aibu.

"Mti?" Tuhei akasema. "Ukate basi. Ukachongee hayo mavinyago yako. Mimi sina kitu huko tena."

Simu ikakatika.

Hasira hasara, na kila mtu huisema methali hiyo baada ya hasara. Tamasha la visiwa lilikuwa linakaribia, mabanda yote bondeni yalikuwa yanalia nyundo, na Kohu hakuwa na gogo la maana. Asubuhi moja nikasikia msumeno wa mashine nyuma ya jiko. Nilitoka na mwiko mkononi, nikasimama mbele yake.

"Mwenyewe karuhusu," akasema. "Umesikia kwa masikio yako."

"Nilichosikia ni mtu aliyefiwa na mama yake. Akikwambia nenda ukafe, utakwenda?"

"Kasema hana kitu huku."

"Wewe huna hasira na Tuhei, Kohu. Unataka mbao."

Ilikuwa kweli; akanizunguka, akawasha msumeno tena. Mti ukaanguka, jua likaingia jikoni mwangu, na tangu siku ile napikia juani.

Nikamwomba jambo moja tu, aache kisiki. Miro ni mti mkaidi; ukikata na kukiacha kisiki, mvua mbili tatu utaona machipukizi. Kohu akasema ndiyo, ndiyo. Lakini mchongaji yeyote atakwambia kuwa miro nyeusi kabisa, ile yenye mishipa kama ya mkono wa mzee, iko chini, kwenye shina na mizizi. Nilikwenda kwa dada yangu bonde la pili siku mbili tu. Niliporudi nilikuta shimo. Kisiki kilikuwa kimelazwa kwenye ngazi, kimeoshwa vizuri kama maiti. Baadaye nikalifukia shimo kwa majivu na maganda, nikapanda pilipili.

Tiki ya mti ule aliichonga kwa hasira, nyundo zake nilizisikia. Ilikuwa na kimo cha mtu aliyeketi. Lakini mikono ina mambo yake. Tuhei alipokuwa mdogo alianguka kwenye mawe ya mtoni, mdomo wake ukabaki umepinda upande mmoja, kama mtu anayezuia kicheko. Siku moja nilimpelekea Kohu chai nikaona mdomo ule kwenye mti. Naye alikuwa anauona. Alikuwa amekaa, patasi mapajani, hafanyi kitu.

Macho ndiyo huchongwa mwisho. Kohu hakuyachonga. Tamasha lilikuja likapita, wenzake wakaenda na kazi zao, yeye akaibeba tiki ile mpaka nyuma ya jiko, akaisimamisha karibu na pilipili zangu, akaifunika kwa makuti. Nilimwambia ampigie ndugu yake. Akasema aliyetukana ndiye aanze. Sijui ni nani kati yao ambaye hakuwa ametukana.

Kisha binamu mmoja wa Papeete akatuletea habari: Tuhei yumo kwenye meli inayokuja, na bintiye Ranitea, na mtoto mchanga wa Ranitea. Kohu alisikia habari hiyo akakaa chini. Halafu akainuka akachinja mbuzi. Alinyoa ndevu. Alifagia mpaka njia ya majirani. Sijawahi kumwona mwanamume anafurahi na kuogopa kwa wakati mmoja namna ile, na nikajidanganya kwamba yataisha vizuri. Nilifikiri anakuja kwenye kaburi la mama yake. Ndugu wakilia pamoja kaburini, nikasema moyoni, mti utasameheka.

Boti ya meli ilipogusa mawe Kohu aliingia majini na viatu. Walishikana mabega, wakagusanisha mapaji ya uso, wakalia kama wanawake tunavyosemwa kuwa tunalia. Tuhei alikuwa amezeeka kuliko kaka yake. Aliponiona mdomo wake ukapinda zaidi.

"Shemeji," akasema, "bado tu hujamkimbia?"

"Ningekimbilia wapi? Meli zenyewe ndizo hizi."

Alikuwa na kisanduku cha barafu, kile cha plastiki cha kuwekea samaki. Kohu alitaka kumpokea, akakataa. Binamu zake walitaka kumpokea, akakataa. Alikipakata njia nzima kwenye gari, huku mjukuu wake akipakatwa na watu wengine. Tulipofika nyumbani aliniomba nafasi kwenye friza. Nikamwambia nyama kama anazo tuzipike leo leo, meli inaondoka kesho asubuhi nao wanarudi nayo.

Akacheka. "Hii si nyama, shemeji. Ni kondo la mjukuu wangu. Kule tunaishi ghorofani, hatuna hata udongo wa kujaza kikombe. Nimesema mtoto huyu azikwe kitovu kwetu, ubavuni mwa mti wangu. Na mimi siku yangu ikifika wanilete hapo hapo." Kisha akashusha sauti. "Nimekosa kwa mama. Nisikose na kwa huyu."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi niliyaona yanakuja ndani ya kisanduku cha samaki, nikayafungulia mlango wa friza.

Nilimtafuta Kohu, nikamkuta bombani anaosha vyombo vya wageni, kazi ambayo hajawahi kuifanya. Nilimwambia. Aliendelea kusugua sahani moja ile ile. Nikamwambia aseme mwenyewe, tena kabla hatujala, maana mimi sitamsemea. Akaitikia. Tukala mbuzi kwa tui la nazi, tukala popoi ya shelisheli, Tuhei akamsifu mbuzi, Kohu akasema mbuzi wa mwaka huu ni wanono. Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Akasema mvua nazo zimekuwa nzuri.

Basi Tuhei akafuta mikono, akaomba koleo. Alimchukua mtoto kwa mama yake akamweka begani, akasema kwa sauti ya kubembeleza kwamba sasa wanakwenda kuonana na babu mkubwa, babu wa majani. Akatoka kwa mlango wa jikoni. Sote tukamfuata, kwa sababu hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumtangulia.

Alisimama juani. Alitazama pilipili, akatazama juu kwenye uwazi, akatazama tena chini. Aliliona lile rundo la makuti, akampa Ranitea mtoto, akayaondoa kuti moja moja. Aliutambua mti kwanza. Aliweka kiganja kwenye kifua cha tiki kama alivyokuwa akifanya Kohu mti ulipokuwa hai. Halafu akauona mdomo, na kidole chake kikaenda kwenye mdomo wake mwenyewe.

"Na kisiki?" akauliza.

Kohu akasema, "Hakipo."

"Umekichimba?"

"Nimekichimba."

Ranitea alisema "Baba," polepole, kama mtu anayemshika mwingine nguo asianguke.

Kohu alianza kuongea, na maneno yake yote yalikuja pamoja. Kwamba alikuwa na hasira. Kwamba mama alikuwa bado mbichi kaburini. Kwamba siku ile kwenye simu Tuhei mwenyewe alisema akate, na wote walikuwepo, na mimi nilikuwepo.

"Nilisema," Tuhei akajibu. Hakupaza sauti. "Nilisema kwa sababu aliyekuwa upande wa pili ni wewe, kaka. Nilijua wewe utakataa. Nilikaa miezi nasubiri unipigie unitukane, uniambie pumbavu, mti wako haukatwi. Kisha mtoto huyu akazaliwa, nikasema mkubwa akishindwa kuanza, nitaanza mimi."

Kohu alimshika mkono akamvuta mpaka kando ya njia, kwenye miro yake iliyopinda. Alipiga magoti, akaanza kuchimba kwa vidole kando ya shina lake. Alimwambia azike kondo la mtoto pale. Huu mti ni wako, akasema, na mimi nikifa nizikwe popote.

Tuhei aliutazama mti ule muda mrefu, na kwa muda huo nilisali. Kisha akainama akamwinua kaka yake, akampangusa udongo mikononi.

"Huu nao utaukata lini?" akamuuliza.

Haikuwa kebehi. Ingekuwa kebehi tungeweza kugombana, na ugomvi una mwisho.

Asubuhi alinisaidia kufungua friza, akatoa kisanduku chake, akanishukuru kwa barafu niliyoongeza. Alikwenda kaburini kwa mama yake peke yake. Kabla ya kupanda gari alipita tena nyuma ya jiko, Kohu nyuma yake, patasi mkononi, sijui kwa nini aliichukua. Kohu akamwambia tiki ni yake, aende nayo, atayachonga macho sasa hivi.

"Kwa nini hukuyachonga?"

"Yangenitazama."

"Basi mwache hivyo hivyo," Tuhei akasema. "Kuna nini hapa cha yeye kukiona?"

Yuko pale mpaka leo, makuti nimeyatupa mimi. Kohu hachongi tena mti. Huokota makuti yaliyoanguka yenyewe, hayo tu, na hata hayo huyazungusha kwanza mkononi kama anayeomba ruhusa. Ndugu hawajaongea. Lakini majuzi Ranitea alinipigia kunijulia hali, nikamuuliza lile jambo la kondo. Akasema baba yake alizunguka kila mahali akatafuta ardhi ya watu, kila alikopata akaona si kwao. Mwishowe alinunua ndoo kubwa ya plastiki, akaijaza udongo wa dukani, wakazika humo, wakapanda mndimu. Iko kibarazani, ghorofa ya juu, karibu na kamba ya nguo.

Kohu alikuwa anasikia. Alinyoosha mkono akaomba simu. Nilidhani ataomba msamaha, au atalia. Alimuuliza Ranitea kama ndoo ile ina matundu chini, kwa sababu maji yakituama mizizi huoza.

Ranitea akasema yapo, baba yake ameyatoboa mwenyewe.

"Vizuri," Kohu akasema. "Vizuri sana." Akanirudishia simu, akatoka nje kutazama bomba lisilovuja, na mimi ndiye niliyelia.