Siku Mama Enock Aliponyamaza

"Kwani kuku wangu kasomea mipaka?" Mama Enock alinijibu kutoka upande wake wa senyenge. "Ungeanika huo ulezi ndani!"

"Ndani wapi, kitandani kwako?" nikamrudishia. "Lijogoo lako lina mdomo mrefu kama mwenyewe!"

Majirani walishatoka nje, wengine na vikombe vya chai mkononi. Pale Majengo, ugomvi wetu watu walikuwa wanausubiri kama taarifa ya habari. Mama Enock, jina lake Hellena, ni mke wa Ngeleja mfanyabiashara wa ng'ombe. Tangu wahamie kutoka Usukumani hajawahi kuniachia neno la mwisho. Ukimpa moja anakupa matatu, na moja katika hayo ni la Kisukuma, hulielewi lakini linakuuma.

Basi nikajiweka sawa kupokea. Jibu halikuja. Alishika nguzo ya senyenge, akashuka taratibu mpaka akakaa kwenye vumbi.

"Umeshinda, Mama Faith," akasema.

Watu wakacheka. Mimi nilipita chini ya senyenge mbio, gauni likachanika.

"Wapi panauma?"

"Tumbo. Tangu asubuhi. Na bega, sijui bega nalo linataka nini."

Alikuwa analowa jasho, na huo ni mwezi wa saba, upepo wa Sumbawanga unatuvalisha sweta mbili mbili sisi wenyeji. Ngeleja alikuwa mnadani Matai, simu haipatikani. Nikawaachia kuku ulezi wote, nikaita bajaji.

Njiani aling'ata mkono wangu. Alama ninayo mpaka leo. Lakini tulipoingia chumba cha daktari, simba wangu wa senyenge akageuka katoto. Daktari mwenyewe kijana wa rika la mdogo wake, na bado akamwamkia: "Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

Sijambo! Nikamtazama.

"Tatizo nini?"

"Tumbo linasumbua kidogo."

Daktari alikuwa anaandika, kichwa hakiinuki. "Siku zako?"

"Zilichelewa. Juzi zimekuja, ila hazieleweki."

"Ndiyo hayo hayo sasa. Mkiwa kwenye siku zenu mnadhani mnakufa. Nakuandikia dawa ya maumivu, ukapumzike."

"Daktari, mpime kwanza," nikasema.

"Wewe nani yake?"

"Jirani. Tena tunagombana. Ndiyo maana najua. Huyu hanyamazi, daktari. Leo nimemtukana mdomo wake mbele za watu, akanyamaza."

Akatabasamu, bado anaandika. "Mama, hapa hatutibu ukimya. Anayefuata!"

Nikamtoa Hellena kwa kumkumbatia, nikamkalisha kwenye benchi la nje. Hakuweza kukaa. Aliteleza mpaka sakafuni, kichwa kwenye mapaja yangu.

"Mama Faith."

"Eeh."

"Yule jogoo mchukue. Fidia ya ulezi wako."

Hapo ndipo baridi iliponiingia. Jogoo yule! Kwa unyoya wake mmoja niliowahi kuuokota, tulinuniana wiki nzima.

"Simtaki. Nitukane," nikamwambia. "Nitukane, Mama Enock, hata kwa Kisukuma."

Midomo ilicheza, sauti haikutoka.

Benchi lilikuwa limejaa wanawake. Mbele kabisa kwenye foleni alikuwepo bibi mmoja wa Mwazye, mguu umefungwa bandeji, niliyekuja kumjua baadaye kuwa anaitwa Kristiana. Mdomo Mungu hakuninyima, nikautumia. "Jamani, huyu anakufa. Ameambiwa ni siku zake."

"Anayefuata!" daktari akaita.

Hakuna aliyeinuka.

"Anayefuata!"

Bibi Kristiana akajifunga kitenge chake vizuri. "Ndiye mimi, mwanangu. Siingii. Mwangalie tena huyu."

"Nami namfuata bibi," akasema msichana mwenye mtoto mgongoni. "Siingii."

"Na mimi," akasema mwingine, halafu mwingine, mpaka benchi lote likawa linautazama mlango.

Daktari akatoka amekunja uso. "Mnagoma? Nimwite mlinzi?"

"Mwite," bibi akamjibu. "Atatusaidia kumbeba."

Akataka kusema, kiatu chake kikagusa mguu wa Hellena. Ndipo alipomtazama kwa mara ya kwanza. Akachuchumaa, akashika kiganja, akavuta kope ya chini. Ndani kweupe kama unga wa sembe. Akabonyeza tumbo, na Hellena aliyekuwa hajalia tangu nyumbani akapiga ukunga uliosimamisha korido nzima.

"Machela!" daktari akaita. "Haraka!"

Mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi, mrija umepasuka, damu imejaa tumboni. Hayo nilielezwa na nesi baadaye. Wakati ule nilibaki na ndala zake mkononi tu, mlango wa chumba cha upasuaji umefungwa. Yule daktari alirudi chumbani kwake, na wale wanawake wakawa wanaingia mmoja mmoja. Na kila aliyetoka, badala ya kwenda kwao, alikuja kukaa karibu yangu. Bibi Kristiana aliachwa na gari la Mwazye, hakujali, nikamwambia kwangu godoro lipo.

Jioni daktari yuleyule akasimama mbele yetu. "Yuko hai. Angechelewa kidogo tu..."

"Hakuchelewa," bibi akasema. "Alikuwa hapa."

Daktari akapita.

Siku aliyoruhusiwa, Ngeleja alimshusha kwenye bajaji polepole, ameinama, mkono umeshika tumbo. Mimi niko uani kwangu, sufuria inachemka. Alipofika kwenye senyenge akasimama. Akanusa.

"Mama Faith. Jogoo wangu yuko wapi?"

"Si ulinipa?"

"Nilikuwa nakufa! Maneno ya mtu anayekufa ndiyo wewe unayashika? Mwizi wa kuku wewe, na pua kama sindano ya kushonea magunia!" Akaongeza na lile la Kisukuma.

"Mama Enock, taratibu, mshono huo," Ngeleja akamsihi.

"Mwache, shemeji," nikasema. "Mwache aseme."

Majirani walishatoka na vikombe vyao. Akasema weee, sikujibu hata moja. Moshi uliniingia machoni siku ile, acha tu.

"Umemaliza?" nikamuuliza.

"Bado!"

"Basi utamalizia ndani. Ingia, ugali wa ulezi unapoa, na firigisi nimekuwekea wewe, siyo Ngeleja."