Mabati Katikati ya Karakana

"Mwambie huyo mpuuzi fremu yake iko tayari," alisema Mrefu bila kuinua kichwa.

Mama Fundi alijipangusa vumbi la mbao usoni, akachukua kijiti kilichokatwa sawa na upana wa fremu, akazunguka nje hadi upande wa pili wa mabati. Huko Kitinda, mwanawe wa mwisho, alikuwa anapiga randa ubao wa mlango.

"Kaka yako anakusalimu. Anasema fremu iko tayari, na anauliza kama umekunywa chai."

"Kaka hajauliza hivyo, Mama."

"Basi atauliza kesho. Shika kipimo."

Ndivyo karakana ile ilivyokwenda tangu wamzike baba yao. Mkubwa fremu, mdogo milango, kama marehemu alivyowafundisha. Lakini msibani, mbele ya wageni, waligombania nani sasa ni mkubwa wa kazi, wakatoleana maneno ya kuvuana nguo. Kesho yake wakagongelea mabati katikati ya karakana. Hakuna aliyevuka tena, wala aliyemsemesha mwenzake. Mama ndiye aliyebeba vipimo huku na huku, na matusi yote aliyopewa ayapeleke aliyafikisha yakiwa salamu.

Majirani walimshauri agawe vitu, kila mtu ashike njia yake. Alikataa katakata. "Mungu aliwaweka tumbo moja," alisema. "Pa kuwakutanisha anapajua." Wapo waliomwona hamnazo. Hamnazo kitu gani? Wangapi kati yao wangeamka kila alfajiri kuwaombea watu wawili wasiotaka kuombewa, kisha wapige msasa mpaka jioni?

Siku hiyo bei ya mbao ilikuwa imepanda tena na umeme haukuwepo. Juu ya hayo akaja Bwana Leseni, na askari wawili, na kufuli mkononi.

"Leseni ni ya karakana moja," alisema, akigonga bati kwa kalamu. "Hapa naona mbili. Moja nafunga. Mwenye leseni ni nani?"

"Ni marehemu mume wangu," alisema Mama. "Nimekuja ofisini kwenu kubadilisha jina mpaka walinzi wamenizoea. Kila nikija, naambiwa njoo kesho."

"Hayo siyajui, mama. Nyie vijana, nani nimwachie? Anayebaki aseme, mwingine atoe vitu vyake."

Mama aliwatazama. Neno moja tu kutoka kwa mmoja wao, na wanawe wasingekuwa ndugu tena. Kitinda aliinamia randa yake. Mrefu, mwenye watoto watatu wa kulisha, alifungua mdomo.

"Ee Mungu, wanangu nakuachia wewe," alisema Mama kwa sauti, bila kujali nani anasikia. "Mimi ujanja umeniishia."

Akachukua nyundo, akaanza kung'oa misumari ya mabati.

"Unafanya nini wewe mama?"

"Si unataka karakana moja? Nakupa moja."

Alikuwa mwanamke mfupi, kilemba kimemteleza, na kila msumari aliung'oa kwa mikono miwili. Bati la juu likaachia, likaanza kumwinamia. Mrefu aliruka akalidaka ncha ya huku. Kitinda akalidaka ya kule. Wakabaki wamelishika juu ya kichwa cha mama yao, wakitazamana.

"Shusha pole pole," alisema Mrefu. "Litamkata Mama."

"Nimeshika, kaka."

Mama aliketi juu ya rundo la mbao, akalia bila kujificha.

Mabati yalipokwisha kushuka, Bwana Leseni alikuwa ameshaandika kosa jipya: kubomoa ukuta bila kibali. Aliwapa muda wa kutoa vifaa vya mkononi na kazi ya siku hiyo, akafunga karakana nzima. "Njooni ofisini kesho," alisema, akaondoka. Askari mmoja alibaki kulinda kufuli.

Ndugu wale waliulaza mlango kando ya barabara, juani, karibu na fremu yake. Mrefu alishika, Kitinda akafunga bawaba. Hawakusemezana mengi, na walilosema lilihusu mlango.

"Hapa barabarani hairuhusiwi kazi," alisema askari.

"Tunajua," alijibu Mrefu. "Kitinda, nipe skrubu."

Jirani mshona viatu alimsogelea Mama, aliyekwisha chuchumaa na kipande chake cha msasa. "Pole, dada yangu," alinong'ona. "Umeomba miezi yote hii, mwisho wake wamefunga pande zote mbili. Sasa Mungu wako amekupa nini?"

Mama Fundi alipuliza vumbi kwenye ubao, akautelezeshea kiganja kuona kama umelainika.

"Karakana sikuiomba," alisema. "Niliomba hawa."