Picha ya Shore

Fundi meno alirudi safarini na picha elfu moja na mia mbili za matako ya swala. Msicheke. Siku sita alikaa garini mbugani, jua linamchoma mkono mmoja, na kila mnyama alipoiona kamera alimgeuzia mgongo akaenda zake. Simba alimpata, ndiyo, lakini kalala nyuma ya kichaka, limejitokeza sikio tu. Fundi alitukana mpaka dereva akaongeza sauti ya redio.

Hasira zake zilikuwa na sababu. Chama chao cha wapiga picha hutoa kalenda kila mwaka, na miaka mitatu mfululizo alikuwa akikataliwa. Mara ya mwisho mwenyekiti alimwandikia, "Ndugu, majani ni mengi kuliko mnyama." Wenzake wanaochonga naye meno ya bandia waliisoma barua ile kwa sauti, wakacheka wiki nzima. Sasa mwisho wa kupokea picha ulikuwa Ijumaa, naye alifika nyumbani Jumatano, mikono mitupu.

"Mkwe wangu, mbona umenuna hivyo?" aliuliza mama mkwe. Miguu ilimsumbua mama huyo, hivyo kutwa alikaa kwenye dirisha la jikoni. "Ulichokifuata huko kiko hapa. Ndege shore ametotoa kwenye michongoma yetu. Watoto watatu, jana wamefumbua macho."

Wiki tatu mama mkwe alikuwa akiwalinda kwa macho tangu wakiwa mayai. Alipiga marufuku kuanika nguo upande ule, na aliyebamiza mlango alikiona cha moto.

Fundi akatega kamera. Jani mbele! Akasogea kushoto, jani. Akapanda juu ya ndoo, jani, na ndoo ikapinduka naye. Alhamisi nzima mama shore aliingia na kutoka na viwavi mdomoni, na kamera, lo, iling'ang'ania lile jani, ndege nyuma yake ukungu mtupu.

"Jani jinga hili!"

"Liache," mama mkwe alisema kutoka dirishani. "Ndege mwenyewe ndiye aliyelichagua."

"Mama, ndege simgusi. Jani moja tu."

"Nimesema liache, baba."

Ijumaa mchana mama mkwe alipojinyoosha kidogo kitandani, fundi alitoa mkasi wake mdogo wa kazini. Mkono uliozoea kupachika meno hautetemeki. Alikata jani, nyuma yake kukawa na jingine. Akalikata nalo, maana angeishia wapi? Alipofika la kumi na moja, jua liliingia mpaka ndani ya kiota. Midomo mitatu ikafunguka, myekundu, mama yao kainama na kiwavi. Alibonyeza mara moja tu, akajua. Kabla ya giza picha ilikuwa imeshatumwa.

Jumamosi asubuhi simu ililia kabla hajanawa uso. Mwenyekiti aliandika: "Kaka, umetuweza. Hii ndiyo ya jalada." Fundi aliruka, akaitundika kamera shingoni, akakimbilia jikoni kumwambia mama mkwe. Kiti kilikuwa kitupu.

Alimkuta nje, kwenye michongoma, kaushika ukuta kwa mkono mmoja. Hakuna aliyejua amefikaje pale kwa miguu ile. Kunguru wawili walikuwa juu ya paa, wanajisafisha midomo. Kiota kilikuwa kimeinamia upande, na ndani hamkuwa na kitu.

"Mama..." fundi alianza.

Shore alitua kwenye tawi lililokatwa majani, kiwavi mdomoni. Akachungulia kiotani. Akaruka, akarudi, akachungulia tena, kiwavi bado anacho.

"Haya, piga," mama mkwe alisema bila kugeuka. "Si unamwona vizuri sasa?"